Usimamizi wa Michakato Tanzu katika Seva ya Wavuti ya Apache
Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo, mtahiniwa wa Ilula, wilayani Kilolo, hufungua tovuti wakati uleule na maelfu ya wenzake. Kufunguka kwa ukurasa hutegemea, pamoja na mambo mengine, michakato ya seva iliyo huru kupokea maombi.

Katika moduli ya prefork ya Apache, mchakato mzazi huzalisha na kusimamia michakato tanzu, ambayo kila mmoja hushughulikia ombi moja kwa wakati. Kwa mipangilio ya awali, mzazi huanza na michakato 5. Iliyo huru ikipungua chini ya 5, huongeza 1, sekunde inayofuata 2, kisha 4, hadi kufikia 32 kwa sekunde. Ikizidi 10, huondoa ya ziada. Ukomo wa jumla ni 256, na maombi yanayozidi hapo husubiri kwenye foleni.

Hata hivyo, kuinua ukomo huo pekee hakutoshi. Iwapo kila mchakato unatumia megabaiti 30 za kumbukumbu, michakato 256 huhitaji megabaiti 7,680. Seva yenye gigabaiti 4 hulazimika kuhamishia data kwenye diski, na hapo hata maombi yaliyokwisha kupokewa huchelewa. Kwa hiyo, ukomo unapaswa kukokotolewa kwa kugawa kumbukumbu iliyopo kwa mahitaji ya mchakato mmoja.