Utando wa Kathodi: Kutoka Kobalti ya Kasulo hadi Betri ya Magnesiamu

Kasulo ni mtaa wa mji wa Kolwezi, jimboni Lualaba. Mwaka 2014 ilibainika kwamba chini ya nyumba za mtaa huo mna heterojeniti, madini meusi yenye kobalti nyingi. Mashimo ya wachimbaji yakaenea uani na hata ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya wakazi ilihamishwa na eneo lao likazungushiwa ukuta. Kilichotafutwa ni malighafi ya kathodi, yaani ncha chanya ya betri. Makala haya yanaeleza jinsi kathodi inavyokingwa, na kwa nini kinga hiyo ni ngumu zaidi katika betri ya magnesiamu.

Katika betri ya lithiamu, ioni husafiri baina ya ncha mbili kupitia elektroliti. Volti ipandapo, elektroliti huvunjikavunjika kwenye uso wa kathodi, na kobalti nayo huyeyuka kidogo kidogo, hata betri ikapoteza uwezo wake. Dawa mojawapo ni kuzifunika chembe za kathodi kwa oksidi ya alumini yenye unene wa nanometa chache tu. Nanometa 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Kifuniko hicho chastahili kuitwa utando kuliko ganda. Ganda hufunga, na sharti livunjwe au limenywe ndipo kilichomo kifikiwe. Utando, neno litokanalo na kitenzi tanda, ni mwembamba kama ule wa maziwa yaliyopoa. Utando wa kathodi hauna budi kuizuia elektroliti na papo hapo kuipisha ioni.

Masharti hayo mawili ndiyo yanayogongana katika magnesiamu. Ioni yake hubeba chaji mbili, na sentimita 1 ya ujazo ya metali hiyo yaweza kuhifadhi takriban miliampea-saa 3,800, ilhali lithiamu huhifadhi 2,060 hivi. Mwaka 2000 Doron Aurbach na wenzake nchini Israeli walionyesha betri ya magnesiamu iliyochajika mara nyingi, yenye kathodi ya molibdenamu na salfa, bila kobalti. Hata hivyo, volti yake ilizidi 1 kwa kiasi kidogo tu. Oksidi za vanadi au manganizi zaweza kuipandisha, lakini elektroliti nyingi zipatanazo na metali ya magnesiamu huharibika zikigusana na oksidi hizo. Ndipo utando unapohitajika. Walakini chaji mbili huvutana kwa nguvu na atomu jirani, na ioni hutambaa polepole mno ndani ya yabisi. Utando uipishao lithiamu waweza kuwa ukuta kwa magnesiamu. Ukipunguzwa sana, elektroliti hupenya.

Betri hiyo ingali maabarani, lakini betri za lithiamu na fosfeti ya chuma, zisizo na kobalti, tayari zaendesha magari. Kongo huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Thamani ya shimo la Kasulo, basi, huamuliwa pia na utafiti wa kathodi ufanywao mbali na Kolwezi. Wachimbaji wa huko huzungumza Kiswahili. Istilahi kama utando, zikichaguliwa vyema, zitawawezesha kuufuatilia utafiti huo kwa lugha yao.