Ndege Hufupisha Muda, Haifupishi Masafa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.).

Ndugu yetu mmoja wa Lyamkena, Makambako, ametuuliza: basi likimfikisha mtu Dar es Salaam kutwa nzima, huyo amechoka na anastahiki kupunguza Sala. Lakini arukaye kwa ndege kutoka Songwe, Mbeya, hufika kwa saa moja na kitu, hana vumbi wala uchovu. Je, naye anayo ruhusa ya kukasiri?

Jibu letu ni kwamba anayo. Sheria imefunga ruhusa hii na safari yenyewe, si na taabu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kipimo ni marhala mbili, ambazo wanavyuoni wengi wa zama hizi wamezikadiria baina ya kilomita 80 na 90. Kutoka Songwe hadi Dar es Salaam, kwa njia ya anga, ni karibu kilomita 700. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kuwa bahari ni kama nchi kavu, na kwamba aliyeyakata masafa hayo kwa chombo chepesi kwa muda mfupi naye hukasiri. Ndege ina hukumu hiyo hiyo. Hata Mahanafi, wanaopima kwa mwendo wa siku 3, wanakusudia mwendo wa miguu au wa ngamia, si kasi ya chombo.

Ruhusa hiyo haianzii kwenye kiti cha ndege. Ndugu yetu huanza kukasiri akishaziacha nyumba za mwisho za mji wake, na hukoma akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka.

Lakini tuzindukane: kasi haiondoi taabu tu, huweza pia kutupotezea ibada. Dar es Salaam hadi Jeddah ni takriban kilomita 3,170, na ndege iendayo moja kwa moja huchukua kama saa nne na nusu. Adhuhuri hujumuishwa na Alasiri, na Magharibi na Isha, lakini Alfajiri haijumuishwi na Sala yoyote. Ikiwa wakati wake wote utapita angani, isaliwe humo humo. Asiyeweza kusimama au kuelekea kibla asali awezavyo kwa kuuheshimu wakati, kisha airudie.

Na anayekwenda Hija au Umra ajue kuwa ndege itokayo kusini huwa sambamba na mikati ya Yalamlam dakika chache tu kabla ya kutua. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, kila dakika ni kilomita 15. Mwenye kusinzia ameshapita. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Amman mwaka 1986, iliamua kuwa msafiri wa anga ahirimie akiwa sambamba na mikati, asingoje Jeddah. Aliyevuka bila ihramu arejee mikati, ama sivyo achinje. Kwa hiyo avae nguo za ihramu mapema, na nia aitie mikati ikikaribia.

Wallahu aalam.