Kemikali Isiyoua Bakteria

Berberis fremontii ni kichaka chenye miiba kinachoota maeneo makavu ya kusini-magharibi mwa Marekani. Ukikwangua ganda lake unakuta manjano iliyokolea: ni rangi ya berberini, kemikali inayoua bakteria. Ila ikiwa peke yake haifui dafu mbele ya Staphylococcus aureus, yule mletaji wa majipu, kwa sababu utando wa seli yake una pampu ya protini iitwayo NorA, inayotoa nje sumu mara inapopenya.

Mwaka 2000, Frank Stermitz, Kim Lewis na wenzao walieleza kwamba kichaka hichohicho hutengeneza kemikali nyingine, 5'-MHC, isiyoua bakteria hata mmoja. Hiyo huizuia NorA tu. Pampu ikikwama, berberini hujaa ndani ya seli na bakteria huangamia. Hata norfloksasini, antibiotiki ya viwandani inayofukuzwa na pampu hiyohiyo, hupata makali.

Wachunguzi wengi wa mitishamba hutia dondoo ya mmea kwenye sahani yenye bakteria. Wasipokufa, mmea huwekwa kando. Kwa mtindo huo 5'-MHC ingetupwa. Afadhali dondoo ijaribiwe pia pamoja na antibiotiki kidogo, kiasi ambacho peke yake hakiui.

Famasi zimeshazoea ndoa ya namna hii. Amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki iliingia sokoni Uingereza mwaka 1981. Klavulaniki hukizuia kimeng'enya ambacho bakteria hutumia kuivunja amoksilini. Lakini klavulaniki hutokana na bakteria wa udongoni, si mmea.

Kwa mimea, kikwazo ni kipimo. Reserpini hutoka kwenye miti ya Rauvolfia, ukoo wa msesewe ambao Wachaga hutia magome yake kwenye pombe ya mbege. Reserpini huizuia NorA vizuri, lakini ni dawa ya kushusha presha, na kiasi kinachotosha kuikwamisha pampu kingemdhuru mgonjwa.

Pilipili manga nayo ina piperini. Mwaka 2006 watafiti wa Jammu, India, walionyesha maabara kwamba piperini, kwa kuizuia pampu, huipa nguvu antibiotiki ya siprofloksasini. Tatizo ni kwamba hupunguza pia kasi ya mwili kuvunja dawa nyingine: fenitoini, dawa ya kifafa, huongezeka kwenye damu ya anayeitumia pamoja na piperini. Kwa hiyo kubwia unga wa pilipili pamoja na vidonge si tiba iliyopimwa. Wakemia wamegeukia kuunda molekuli zinazofanana na piperini, wakitafuta itakayoikwamisha pampu kwa kiasi kidogo zaidi.