Amana hununua nafasi kwenye foleni, si bei ya gari

DOLA 100 za Marekani zilitosha kumwingiza mtu kwenye foleni ya kusubiri pikapu ya umeme ya Ford, F-150 Lightning, ilipozinduliwa Dearborn, katika jimbo la Michigan, Mei 19, 2021. Bei ya kuanzia ilitajwa kuwa dola 39,974 kabla ya kodi na usafirishaji, na aliyebadili mawazo alirudishiwa dola zake 100. Kwa Mmarekani anayelima au anayefanya kazi za ujenzi, F-150 ni chombo cha kazi kama ilivyo Hilux kwa mkulima wa huku, hivyo wengi hawakuhitaji kushawishiwa. Hadi Desemba mwaka huo waliojiandikisha walikaribia 200,000, na Ford ikafunga daftari.

Yaliyowapata watu hao kati ya kujiandikisha na kukabidhiwa gari yanamhusu kila mkulima na mfanyabiashara anayetoa amana kwa chombo ambacho bado hakijatengenezwa, kiwe pikapu, trekta au mashine ya kukoboa mpunga.

Kiwanda kilianza kutoa magari ya wateja Aprili 26, 2022. Hadi mwaka huo unakwisha, Ford ilikuwa imeuza Lightning 15,617 nchini Marekani. Mwaka 2023 iliuza 24,165. Ukijumlisha miaka hiyo miwili, hata kama kila gari lingekwenda kwa mtu wa foleni, ni mmoja tu kati ya watano angekuwa amepata. Kiwanda hakikuandaliwa kwa mahitaji makubwa kiasi hicho, na betri ndizo zilizobana zaidi. Februari 2023 gari moja liliwaka moto likiwa kwenye maegesho ya kiwanda likisubiri ukaguzi, chanzo kikiwa ni betri, na uzalishaji ukasimama kwa takribani wiki tano.

Wakati foleni ikitambaa, bei ilikuwa ikikimbia. Agosti 2022 toleo la bei ya chini kabisa lilipandishwa hadi dola 46,974. Oktoba likafika dola 51,974, Desemba dola 55,974, na Machi 2023 dola 59,974. Hiyo ni nyongeza ya dola 20,000 kamili katika muda usiotimia miaka miwili, yaani nusu ya bei ya mwanzo. Ford ilieleza kuwa malighafi zimepanda, na ni kweli kwamba lithiamu, madini yanayotumika kwenye betri, ilipanda mno kipindi hicho.

Hapa ndipo maneno mawili yanayofanana yalipotenganisha watu. Ilipopandisha bei Agosti 2022, Ford ilisema waliokwisha kuweka oda na kusubiri kukabidhiwa hawataguswa. Lakini kutoa dola 100 hakukuwa kuweka oda. Kulikuwa ni kuweka nafasi tu, na mwenye nafasi alipaswa kungoja aitwe, aende kwa wakala, achague toleo na kutia saini. Aliyeitwa mapema alilindwa. Ambaye zamu yake haikufika alikutana na bei mpya, ingawa wote wawili walilipa dola 100 zilezile, pengine siku hiyohiyo.

Mawakala nao hawakukaa kimya. Baadhi walitaka fedha ya ziada juu ya bei ya kiwandani, hadi Ford ikawaandikia Januari 2022 kuwaonya. Onyo hilo lilikuwa la haki, ila mnunuzi anapaswa kukumbuka kwamba mtu wa kati akiona watu 200,000 wanagombea magari machache, bei iliyoandikwa kwenye karatasi hugeuka kuwa mahali pa kuanzia mazungumzo.

Tuje kwenye mkopo. Hadi Machi 2022 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5, na mikopo ya magari ikaifuata. Chukua mfano wa hesabu tu: mtu aliyepanga kukopa dola 40,000 kwa miezi 60 kwa riba ya asilimia 4 angelipa takribani dola 737 kila mwezi. Akikopa dola 55,000 kwa muda uleule kwa asilimia 7, analipa dola 1,089. Tofauti ni dola 352 kwa mwezi. Ukiichambua tofauti hiyo, kama dola 276 zinatokana na bei iliyopanda na 76 tu ndizo za riba. Wakopaji wengi hulalamikia riba kwa sababu ndiyo inayotajwa kila siku, kumbe mzigo mkubwa umejificha kwenye bei.

Idhini ya mkopo nayo haidumu. Kwa kawaida ni siku 30 hadi 60, basi. Kuiomba mwaka mmoja kabla gari halijafika hakumlindi mtu na chochote. Na aliyetegemea kuuza gari lake kuukuu apate kianzio aliumia upande mwingine pia, kwani bei za magari yaliyotumika nchini humo zilikuwa juu sana mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022, kisha zikaanza kushuka.

Kulikuwa pia na nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme. Wengi waliiingiza kwenye hesabu kama fedha taslimu. Hadi mwisho wa 2023 haikuwa hivyo: ilipatikana wakati wa kuwasilisha hesabu za kodi, na haikuweza kuzidi kodi ambayo mtu alidaiwa. Mkulima aliyekuwa na mwaka mbaya, akadaiwa kodi ya dola 3,000, alipata 3,000 na zilizobaki zikapotea. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2022 iliongeza ukomo wa kipato kuanzia 2023, na kuanzia Januari 2024 ikamruhusu mnunuzi kumwachia wakala nafuu hiyo apunguziwe bei papo hapo. Sheria nyingine ikaifuta baada ya Septemba 30, 2025. Mtu alijiandikisha chini ya sheria moja, akakabidhiwa gari chini ya nyingine.

Julai 2023 Ford ilishusha bei ya toleo lilelile hadi dola 49,995. Aliyenunua Machi kwa kuhofia kwamba itapanda tena alikuwa amelipa karibu dola 10,000 zaidi ya jirani yake aliyevuta subira miezi minne. Desemba 2025 kampuni hiyo ikatangaza kuacha kutengeneza Lightning ya betri pekee, na kwamba itakayofuata itabeba injini ya mafuta ya kuzalisha umeme. Aliyekopa Machi 2023 kwa miezi 60 atamaliza kulipa Machi 2028.

Afrika Mashariki kuna mambo mawili zaidi ya kuhesabu. Kwanza ni dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu Sh123 za Kenya, na Januari 2024 ikafika takribani Sh160. Aliyesaini ankara ya dola 10,000 akijua ni Sh1.23 milioni alijikuta anatafuta Sh1.6 milioni. Katikati ya 2024 shilingi ilikuwa imerudi karibu Sh130, lakini aliyekwisha kulipa hakurudishiwa chochote. Pili ni bajeti. Husomwa Juni na viwango vipya huanza Julai 1, hivyo chombo kilichopakiwa melini Mei kinaweza kukuta kodi nyingine bandarini.

Wapo waliojaribu kugawa hatari hiyo kwa namna tofauti. Nairobi, kampuni ya BasiGo ilianza majaribio ya mabasi ya umeme Machi 2022, na mwaka huo ikatangaza utaratibu wa mwenye matatu kununua basi la abiria 25 kwa Sh5 milioni za Kenya bila betri, kisha kulipa Sh20 kwa kila kilomita. Malipo hayo yalijumuisha betri, kuchaji na matengenezo. Basi likienda kilomita 200 kwa siku ni Sh4,000. Deni la benki linakuwa dogo, na betri ikichoka mapema hasara si ya mwenye matatu.

Asiye na mpango wa namna hiyo abane masharti yake mezani kabla ya kutoa amana. Karatasi itamke kama ni nafasi au ni oda, bei inashikiliwa hadi lini na kwa fedha ya nchi gani, na baada ya siku ngapi za kuchelewa amana inarudi bila makato. Kwa benki, la kupigania zaidi ni tarehe ya kuanza marejesho. Fedha ikitolewa kwa muuzaji leo, rejesho la kwanza kwa kawaida hudaiwa mwezi ujao, hata kama gari bado liko baharini na halijabeba hata gunia moja.