Mbio Zisizo na Mshindi

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Matanga huanuliwa, hitima husomwa, waombolezaji hurejea makwao; mzazi hubaki na swali lake: ayapeleke wapi mapenzi ambayo mwenye kuyapokea hayupo tena? Leo, msomaji mpenzi, tuitazame familia moja ya Kanada, ya Bwana Rolly Fox na mkewe Betty, iliyolijibu swali hilo kwa miguu.

Mtoto wao wa pili, Terry, alizaliwa mwaka 1958. Alipoanza kuumwa goti alidhani ni athari ya ajali ya gari aliyoipata mwaka 1976, akavumilia mpaka msimu wa mpira wa kikapu ulipokwisha. Machi 1977, akiwa na miaka 18, aligunduliwa kuwa na saratani ya mfupa, na mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti. Madaktari walimweleza kuwa nafasi yake ya kupona ilikuwa nusu kwa nusu. Lau angaliugua miaka 2 kabla ya hapo, ingalikuwa asilimia 15 tu. Tofauti hiyo ililetwa na utafiti. Terry akaona kwamba alikuwa na deni kwa watu asiowajua.

Akaazimia kuikimbia Kanada kutoka mashariki hadi magharibi kwa mguu wa bandia, ili achangishe fedha za utafiti. Mama yake alipinga mwanzoni; na mama gani asingepinga? Hata hivyo, safari ilianza mjini St. John's tarehe 12 Aprili 1980. Lengo lake lilikuwa kilometa 42 kila siku. Baada ya siku 143 na kilometa 5,373, tarehe 1 Septemba, alisimama karibu na Thunder Bay: saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, hajatimiza miaka 23.

Mfiwa amwandikia mgonjwa

Siku moja tu baada ya Terry kusimama, alipelekewa telegramu na Isadore Sharp, mwenye hoteli za Four Seasons. Bwana huyo alikuwa amempoteza mwanawe Christopher, wa miaka 17, kwa saratani ya ngozi mwaka 1978. Aliahidi kwamba mbio zingefanywa kila mwaka kwa jina la Terry. Tarehe 13 Septemba 1981, watu 300,000 walijitokeza, wakachanga dola milioni 3.5 za Kanada.

Yafaa tuyatafakari masharti ya mbio hizo, aliyoyataka Terry mwenyewe na ambayo wazazi wake waliyalinda kwa nguvu zote. Hakuna kiingilio, hakuna mshindi, hakuna zawadi, wala matangazo ya kampuni. Mzee mwenye mkongojo ni sawa na kijana mwenye mbio. Kwani mashindano yakiwa na mshindi, watu hurudi nyumbani wakilitaja jina la mshindi.

Kwa takribani miaka 30 Mama Betty alizunguka mashuleni akiisimulia habari ya mwanawe, jeraha lile lile akilifunua upya, mpaka alipofariki mwaka 2011. Mumewe alimfuata mwaka 2016. Michango imepita dola milioni 850 za Kanada, na katika hospitali zenye vifaa, vijana wengi wenye ugonjwa kama ule hutibiwa bila kukatwa mguu.

Nasi wazazi tusingoje msiba ndipo tujifunze. Mtoto akilalamikia maumivu ya mfupa yasiyokwisha, yanayomwamsha usiku, au akiwa na uvimbe usiopungua, tusiseme ni mpira tu, wala tusikawie kwa kumkanda maji moto. Tumpeleke hospitali mapema. Na pale jirani aliyefiwa na mtoto anapotaka kufanya jambo la kuwafaa watoto wa wengine, tusimwachie alifanye peke yake.