Dakika 90 Kutoka Port Victoria

Retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, haivumilii kukosa damu. Kikomo kinachotajwa mara nyingi na madaktari ni dakika 60 hadi 90, na wapo wanaoamini ni kifupi zaidi. Muda huo ukipita, seli zake hufa na haziwezi kuota upya. Kutoka Port Victoria, kando ya Ziwa Victoria, hadi hospitali kubwa za Kisumu ni zaidi ya kilomita 100 za barabara. Hata mtu akiondoka papo hapo kwa gari lake mwenyewe, sehemu kubwa ya muda huo itaishia njiani, na katika hali ya kawaida hakuna anayeondoka papo hapo. Kwanza atamwita dada yake amtazame, kisha atafute nauli, kisha angoje matatu ijae. Ndiyo maana naona suala la fila za usoni, ambazo zikidungwa vibaya zinaweza kukata damu ya retina, linawahusu sana watu wa ukingo huu wa ziwa, ingawa wengi hulichukulia kuwa la wenye pesa wa Nairobi.

Fila ni jeli inayodungwa chini ya ngozi ili kujaza midomo, kuinua mashavu, kunyoosha pua au kufuta mikunjo ya kando ya mdomo. Ni tofauti na Botox, ambayo kazi yake ni kulegeza misuli. Fila zinazotumika zaidi zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho katika ngozi, maungio na macho. Karl Meyer na John Palmer walikitambua mwaka 1934 katika ute wa jicho la ng'ombe. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Restylane, fila ya kwanza ya aina hiyo nchini humo, na tangu hapo matumizi yakaenea duniani. Sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, hata kuliko uzuri unaotafutwa, ni kwamba inaweza kuyeyushwa. Ipo dawa iitwayo hayaluronidezi, kimeng'enya kinachoivunjavunja jeli hiyo ndani ya muda mfupi. Madaktari wa macho wameizoea kwa miaka mingi, kwa kuwa huichanganya na dawa ya ganzi wanapopasua jicho.

Mtu wa Port Victoria hahitaji kudungwa Port Victoria ili tatizo limkute huko. Anaweza kujazwa midomo Nairobi Ijumaa jioni, akapanda basi la usiku kwenda matangani au harusini nyumbani. Fila nyingi huwa na lignokeni ndani yake, ganzi inayoficha maumivu kwa saa moja au mbili za mwanzo. Ganzi inaisha basi likiwa njiani, ndani kumezimwa taa, naye amejifunika leso. Anadhani ni uvimbe wa kawaida. Kukipambazuka Kisumu, mdomo umeshakosa damu usiku kucha.

Tatizo lenyewe ni hili: uso umejaa mishipa ya damu, na sindano isiyoona inaweza kuingia ndani ya ateri mojawapo. Jeli ikisukumwa humo huziba njia, na sehemu yote ya ngozi iliyotegemea mshipa huo hubaki bila hewa ya oksijeni. Dalili ya kwanza inayoandikwa vitabuni ni ngozi kugeuka nyeupe. Vitabu hivyo vingi viliandikwa kwa kutazama ngozi za Wazungu. Kwenye ngozi yetu nyeusi weupe huo mara nyingi hauonekani, au huonekana kama ukijivu hafifu ambao mtu ataupuuza. Kwa hiyo mdomo ukiwa umedungwa, ufunue na utazame ndani, kwenye sehemu yenye unyevu, pamoja na ufizi. Huko rangi haidanganyi. Kisha bonyeza ngozi kwa kidole na uachie. Damu inapaswa kurudi mara moja. Ikichukua zaidi ya sekunde tatu, kuna hitilafu. Linganisha upande uliodungwa na ule ambao haukudungwa, tena kwenye mwanga wa mchana au tochi nzuri.

Baada ya saa chache hujitokeza madoa ya zambarau yaliyosukana kama matundu ya wavu. Maumivu huwa makali kupita kiasi, ingawa kuna wagonjwa wachache wasioumwa sana, na hao ndio huchelewa zaidi. Kufikia siku ya tatu hutokea vipele vidogo vyenye majimaji au usaha, na hapo ndipo mhudumu asiyejua habari ya fila anaweza kusema ni malengelenge ya virusi au jipu, akaandika dawa isiyohusika. Baadaye ngozi hufa, hushika gamba jeusi na kubanduka, ikiacha kovu. Kwa watu wenye asili ya makovu yanayoota na kuvimba, kovu la usoni si jambo dogo.

Jicho ndilo linalonitia hofu zaidi. Mishipa ya katikati ya nyusi, pua na paji la uso imeungana na ateri inayolisha jicho. Sindano ikisukuma jeli kwa nguvu ndani ya mshipa wa huko, jeli husafiri kinyume na mkondo wa damu mpaka kwenye njia panda ya ateri ya jicho. Msukumo ukiachiliwa, damu huichukua na kuipeleka mbele hadi kwenye retina. Mwaka 2015 daktari wa ngozi wa Kanada, Katie Beleznay, na wenzake walikusanya taarifa 98 za watu duniani waliopata madhara ya kuona baada ya kudungwa vijazio vya uso, yakiwemo mafuta ya miili yao wenyewe. Mwaka 2019 wakaongeza taarifa nyingine 48, na safari hiyo zaidi ya nusu walikuwa wamedungwa puani. Wengi wao hawakurudishiwa uwezo wa kuona. Kwa idadi ya sindano zinazodungwa ulimwenguni, ajali hii ni nadra, lakini haina nafasi ya pili. Huanza ghafla, mara nyingi sindano ikiwa bado mkononi mwa mdungaji: jicho linafifia au kuzima, kope inaanguka, kichwa kinauma, mtu anatapika. Wengine hupata pia kiharusi.

Hesabu ya dakika hapa inatuambia jambo moja lililo wazi. Dawa ya kuyeyusha inapaswa kuwa chumbani kabla sindano ya kwanza haijafunguliwa. Haifai iwe Kisumu wakati mgonjwa yuko Port Victoria, wala kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Mdungaji asiyekuwa nayo, au asiyejua kuitumia, hana haki ya kugusa uso wa mtu, hata akiwa na vyeti ukutani na picha nzuri kwenye simu. Na hata ikiwepo, haimhakikishii mtu jicho lake, kwa sababu ikishafika retina, jeli ni vigumu kuifikia. Kwa hiyo, kwa anayetaka kunyooshwa pua kwa fila, ushauri wangu ni mmoja: acha.

Ngozi inayokosa damu, tofauti na jicho, hutupa saa kadhaa za kupigana. Hayaluronidezi hudungwa kwa wingi kwenye eneo lote lililoathirika, na kurudiwa kila saa mpaka damu irudi ikibonyezwa. Dozi moja ndogo ya kujaribu haitoshi. Wakati dawa inatafutwa, kanda eneo hilo polepole kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Usiweke barafu, kwa maana baridi hubana mishipa ambayo tunataka ifunguke. Aliyewahi kuvimba mwili mzima au kukosa pumzi baada ya kuumwa na nyuki aseme mapema, kwa sababu sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo. Daktari ataandaa adrenalini kando, lakini hatamwacha mgonjwa apoteze mdomo.

Nawasihi wauguzi na maafisa wa kliniki wa zahanati za ziwani jambo moja. Akija mama au binti mwenye uso uliovimba na leso mdomoni, msimkemee. Swali la "nani alikutuma ujidunge?" humfunga mdomo kabla hajasema alichodungwa, lini na wapi, na hayo matatu ndiyo yanayoamua matibabu. Mwulizeni kwa upole, faraghani, bila mume wala mama mkwe. Wanaume nao hudungwa, na huona haya zaidi. Aibu ikiachwa iongoze, hununua krimu dukani. Krimu nyingi za haraka zina steroidi, na steroidi ikitangulia kwenye eneo lenye vijidudu huvipa nafasi ya kuenea.

Maana si kila shida huja usiku wa kwanza. Uvimbe laini na michubuko ya siku mbili tatu ni ya kawaida na hupita. Lakini uvimbe wenye joto, wekundu na maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu ni maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vinundu vigumu vinaweza kujitokeza baada ya wiki au miezi, mara nyingine vikiamshwa na mafua au jino lililooza. Desemba 2020, kwenye majaribio ya chanjo ya Moderna ya korona, watu watatu waliokuwa na fila walivimba uso baada ya kuchanjwa, na wakapona. Vinundu vya namna hii vina tiba, ila vinahitaji subira na daktari wa ngozi. Vikiminywa nyumbani huharibika.

Kuna balaa jingine ambalo dawa ya kuyeyusha hailigusi kabisa, nalo ni silikoni ya maji. Huuzwa kwa bei nafuu na kusifiwa kuwa ni ya kudumu. Kudumu huko ndiko hatari yake: huhama, hugeuza ngozi kuwa ngumu, na njia pekee ya kuitoa ni kisu, tena si yote hutoka. Mwaka 2017 FDA ilionya watu wasikubali kudungwa silikoni ya aina hiyo ili kubadili umbo la mwili. Mwaka 2021 ikaonya pia dhidi ya kalamu zinazosukuma jeli ngozini bila sindano, zinazouzwa mtandaoni kwa matumizi ya nyumbani. Udanganyifu wa kitu cha kudumu una historia ndefu. Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga parafini mwaka 1899, na miaka michache baadaye Gladys Deacon, mrembo aliyesifiwa kote Ulaya, akadungwa puani. Parafini hiyo ilishuka taratibu mpaka kidevuni na kumharibu sura maisha yake yote.

Fila halali huja kwenye pakiti iliyofungwa, yenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, mara nyingi pamoja na vibandiko vya kubandika kwenye faili la mgonjwa. Omba kimoja, au piga picha ya sanduku kabla halijatupwa. Jina la daktari litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, inayopatikana mtandaoni. Asiyekuwemo humo, mpite, hata akiwa rafiki yako.

Na kama shida imeshatokea, piga simu kabla ya kupanda gari. Uliza kama dawa ipo pale unapokwenda: kwa aliyekudunga kwanza, kisha hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo Kisumu nzima huiita Russia, au Aga Khan mjini humohumo. Jicho likihusika, ulizia pia Hospitali ya Macho ya Sabatia kule Vihiga. Muuguzi anayeandika rufaa aweke juu kabisa, kwa herufi kubwa, neno FILA, kisha jina la dawa iliyodungwa, sehemu ya uso, saa ya kudungwa, saa maumivu yalipoanza, na kama mgonjwa anaona kwa macho yote mawili, kila jicho likiwa limepimwa peke yake.