Laxton, Kijiji Kinacholinda Mipaka ya Mashamba

Mkulima aliyepakana na jirani ajua jinsi jembe liwezavyo kuleta ugomvi. Hatua moja ikivukwa mwaka huu, na nyingine mwakani, hatimaye shamba la mtu limepungua naye hana ushahidi. Katika kijiji kidogo cha Laxton, jimbo la Nottinghamshire nchini Uingereza, wenyeji wanayo dawa ya jambo hili tangu zamani za kale.

Hapo kale vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na mashamba makubwa yasiyo na ua, yaliyogawanywa kuwa ngwe ndefu nyembamba. Kila mkulima alikuwa na ngwe zake huku na huku, ili asiwepo mtu wa kupata udongo mzuri peke yake. Katika karne ya 18 na ya 19 mashamba ya namna hiyo karibu yote yalikusanywa na kuzungushiwa ua. Laxton yamesalia matatu, nayo hulimwa kwa zamu: mwaka wa kwanza ngano, wa pili zao lipandwalo baridi ikiisha, na wa tatu ardhi hupumzishwa.

Mgeni afikapo huliona kanisa la mawe la Mtakatifu Mikaeli, na kaskazini yake kilima kilichojengwa ngome ya Wanormani. Nyumba za wakulima zimepangwa kando ya barabara ya kijiji, kwa kuwa mashamba ya kila mmoja yako pande zote. Ramani iliyochorwa mwaka 1635 yaonyesha kila ngwe, hata na watu wakilima. Sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford.

Lakini ramani pekee hailindi mpaka. Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, wakulima walioapishwa kuwa wazee wa baraza hulikagua shamba lililopandwa ngano. Hupigilia vigingi penye mipaka, na kutazama kama yupo aliyelima kupita haki yake, au aliyekula njia na majani ya wote. Juma lifuatalo baraza hukutana katika hoteli ya kijiji, na mkosaji hutozwa faini. Fedha zenyewe ni kidogo, lakini kushitakiwa mbele ya jirani si jambo dogo. Na mzee wa baraza mwenyewe akikosa, hatozwi pungufu. Penye wengi hapaharibiki neno.

Mwaka 1977 Bunge lilipoyaondolea mabaraza ya kale ya namna hii mamlaka yao, baraza la Laxton liliachiwa lake. Wenye ardhi nao wamebadilika: mwaka 1952 ilinunuliwa na Wizara ya Kilimo, mwaka 1981 ikawa chini ya Milki ya Taji, na mwaka 2020 ikarudi kwa milki ya Thoresby, iliyokuwa nayo hapo kwanza. Trekta zimechukua mahali pa farasi. Hata hivyo, trekta nayo hugeuzwa penye kigingi.